Kutapika si ada ya kupona

Katika wodi za saratani kuna imani moja inayokubaliwa na anayelala kitandani na wanaosimama kando yake: anayetaka kupona sharti atapike. Mgonjwa huanza kemo akiwa ameshapewa habari zote na majirani, mashemeji na watu aliokaa nao kwenye benchi la kliniki. Ndugu hufungasha beseni, kanga za akiba na mfuko wa malimao. Daktari naye, mwenye foleni ndefu mlangoni, hukitaja kichefuchefu kwa sentensi moja, katikati ya kunyonyoka kwa nywele na kupungua kwa damu, kana kwamba yote hayo ni ada ya kuingilia. Hoja yangu ni kwamba ada hiyo haipo. Kwa dawa zinazojulikana leo, nyingi zake za zamani na za bei ndogo, kutapika kunakoletwa na tibakemikali kunazuilika kwa wagonjwa walio wengi. Kwa hiyo mgonjwa anayetapika siku tatu mfululizo baada ya dripu ahesabiwe kuwa mtu ambaye tiba yake haikukamilika, na aliyeiandika tiba hiyo aulizwe kilichopungua.

Imani yenyewe ina historia, na zamani ilikuwa na haki yake. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, walikuwa wakipitisha umeme kwenye mchanganyiko wenye bakteria wakaona bakteria hao wameacha kugawanyika. Umeme haukuwa na hatia. Kilichowazuia ni madini ya platini yaliyoyeyuka kutoka kwenye vyuma vya kupitishia umeme huo. Ajali hiyo ya maabara ndiyo iliyozaa sisplatini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, na saratani ya korodani iliyokuwa ikiwamaliza vijana ikaanza kuponyeka hata ikiwa imeshasambaa mwilini. Lakini bila kinga, zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10 waliopewa dawa hiyo walitapika. Mwaka 1983 Alan Coates na wenzake mjini Sydney, Australia, walichapisha utafiti ambamo wagonjwa 99 walipewa kadi zilizoandikwa madhara ya tiba, wakaombwa wachague yaliyowapata na kuyapanga kwa uzito. Kutapika kulishika nafasi ya kwanza, kichefuchefu ya pili, nywele ya tatu. Hiyo ndiyo sura ya kemo iliyosambaa duniani na ndiyo tuliyoirithi sisi. Utafiti wa aina hiyohiyo ulirudiwa mjini humo na kuchapishwa mwaka 1996, na safari hii kutapika kulikuwa kumeshuka hadi nafasi ya tano. Sisplatini ilikuwa bado inatumika. Kilichobadilika ni kile alichopewa mgonjwa kabla ya dripu kufunguliwa.

Ili kukielewa kilichobadilika, ni lazima kujua amri ya kutapika hutoka wapi. Mwili umejengewa ulinzi dhidi ya sumu inayoliwa: ukila kitu kibaya, ukuta wa utumbo hukitambua na kupeleka habari ubongoni. Kemo nyingi huingia kwa mshipa, lakini huuchokoza ulinzi huohuo. Seli fulani za ukuta wa utumbo humwaga kemikali iitwayo serotonini, serotonini hugusa ncha za mshipa wa fahamu wa vagasi, na vagasi hupeleka taarifa sehemu ya chini ya ubongo. Hapo pana eneo dogo ambalo halina ule ukingo wa kawaida unaotenga damu na ubongo, nalo huionja damu moja kwa moja likitafuta sumu. Taarifa zikikutana, amri inatoka na tumbo linabanwa. Hiyo ndiyo awamu ya kwanza, ya saa 24 za mwanzo. Awamu ya pili hutawaliwa zaidi na kemikali nyingine, substansi P, ambayo Ulf von Euler na John Gaddum waliigundua London mwaka 1931, miongo mingi kabla haijajulikana kwamba inahusika na kutapika. Ondansetroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991, huziba vipokezi vya serotonini. Aprepitanti, ya mwaka 2003, huziba vipokezi vya substansi P. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayopatikana karibu kila famasia, huzipa zote mbili nguvu. Sehemu kubwa ya majaribio ya awali ilifanywa kwa wanyama wadogo wa jamii ya vicheche, kwa sababu panya wa maabara, ambaye hujaribiwa karibu kila kitu, hana uwezo wa kutapika.

Ukiifuata njia hiyo ya serotonini hadi mwisho, unaona mara moja kwa nini usemi wa mitaani kwamba “ukitapika ujue dawa inafanya kazi” hauna mguu wa kusimamia. Amri ya kutapika haitoki kwenye uvimbe, wala uvimbe unaokufa hauna namna ya kuitoa. Dawa zenyewe zinathibitisha. Wataalamu huzipanga kemo katika madaraja manne: zinazotapisha zaidi ya asilimia 90 ya watu wasiopewa kinga, zinazotapisha kati ya asilimia 30 na 90, kati ya 10 na 30, na zile zisizofika 10. Vinkristini iko katika daraja hilo la chini kabisa, na bado ni nguzo ya tiba ya saratani za damu za watoto, saratani ya figo ya watoto na limfoma ya Burkitt, ile ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Kama kutapika kungekuwa kipimo cha uponyaji, vinkristini isingemponya mtu. Wapo pia wanaosema kwamba matapishi ni uchafu unaotoka, kwamba mwili unajisafisha na kuuzuia ni kuubakiza ugonjwa ndani. Mantiki hiyo inafaa kwa mtu aliyekula chakula kilichochacha. Kwa mtu aliyetundikiwa dripu, dawa imo kwenye damu na sumu ya kutapikwa haimo tumboni. Kinachotoka ni uji, maji na chumvi za mwili, yaani vitu anavyovihitaji. Imani hii ingekuwa ya kuchekesha tu kama isingewafanya watu wafiche vidonge vya kuzuia kutapika chini ya mto kwa hofu ya kuiharibu kemo. Vidonge hivyo havizimi nguvu ya kemo. Vinamwezesha mgonjwa kuimaliza.

Na kuimaliza ndiko kwenye uzito, kwa sababu kuna wanaodhani kwamba mjadala huu ni wa starehe: mgonjwa yuko hatarini kufa, nasi tunazungumzia raha ya tumbo. Chukua saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Ikikutwa imeshasogea kidogo lakini haijasambaa mbali, tiba ya kawaida ni mionzi ya nyonga siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi, ikisindikizwa na sisplatini mara moja kila wiki. Kichefuchefu cha sisplatini kinaweza kuvuka siku ya tano, kwa hiyo mkia wa dozi moja unafika karibu na kichwa cha dozi inayofuata. Sisplatini pia inaumiza figo, na ndiyo maana hutolewa pamoja na maji mengi ya dripu. Mwanamke anayetapika siku nne anakaukiwa maji wakati figo zake zinayahitaji kuliko wakati wowote. Ongeza kwamba saratani hiyohiyo ina tabia ya kubana mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, na utaona kwamba anaweza kuja wiki ya tatu damu ikapimwa, figo zikaonekana zimechoka, na sisplatini ikasimamishwa. Kwenye faili litaandikwa tatizo la figo. Neno kutapika halitaonekana popote, ingawa huenda ndilo lililoanza.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, hutokea siku ya tatu. Siku ya dripu yenyewe hospitali nyingi hufanya vizuri: nesi anachoma ondansetroni na deksamethasoni, anasubiri nusu saa, kisha anafungua kemo, na mgonjwa anaondoka jioni akiwa mzima. Daktari humwona tena baada ya wiki moja au tatu. Kilichotokea katikati hakimfikii. Mwaka 2004 Steven Grunberg na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza madaktari na wauguzi wa saratani wakadirie ni wagonjwa wangapi wangepata kichefuchefu na kutapika, kisha wakalinganisha na yaliyoandikwa na wagonjwa wenyewe nyumbani. Zaidi ya robo tatu ya wahudumu hao walikadiria chini ya hali halisi kwa siku zile za baadaye. Hao ni watu wa nchi tajiri, wenye simu na miadi ya karibu. Hapa kwetu umbali ni mkubwa zaidi. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa mahali pekee nchini Tanzania penye tiba ya mionzi, kabla ya Bugando ya Mwanza kujiunga, na hata leo watu huvuka mikoa kadhaa kuifuata tiba. Siku ya tatu mgonjwa yuko kwenye chumba cha kupanga, au kwa binamu Mbagala, au ndani ya basi la kurudi mkoani, na ndiyo siku ambayo sisplatini hutapisha kwa nguvu. Alichopaswa kupewa ni pakiti ndogo ya karatasi: deksamethasoni ya siku ya pili hadi ya nne, na dawa ya usiku ya kuzuia kichefuchefu, zikiwa zimeandikwa kwa Kiswahili saa ya kumeza, iwe anajisikia vibaya au la. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Wengi huambiwa “ukisikia kichefuchefu umeze”, na hilo ni kuanza kuchota maji nyumba ikiwa imeshashika moto: kidonge kinamezwa, kinatapikwa, na mgonjwa anahitimisha kwamba dawa haimfai.

Kuna pia awamu ya tatu, ambayo watu huiona ajabu na wengine huiita woga. Mgonjwa aliyetapika sana mara ya kwanza huanza kutapika kabla ya dozi ya pili: harufu ya spiriti inatosha, au rangi nyekundu ya doksorubisini ndani ya bomba la sindano, au geti la hospitali tu. Hakuna uigizaji hapo. Ubongo umefundishwa, kwa njia ileile ambayo mbwa wa Ivan Pavlov walifundishwa kutoa mate kwa ishara ya chakula. Ilene Bernstein alilionyesha jambo hili kwa watoto mwaka 1978, huko Seattle: waliopewa aiskrimu yenye ladha ngeni kabla ya kemo waliikataa baadaye, ingawa walijua kabisa kwamba aiskrimu haikuwatapisha. Matokeo yake kwa jikoni zetu ni ya moja kwa moja. Mama anayempikia mwanawe pilau au samaki wa nazi asubuhi ya kemo, kwa upendo, ili ale anachokipenda, ana hatari ya kumharibia chakula hicho kwa miezi. Siku hiyo inatakiwa vyakula visivyo na kumbukumbu wala harufu kali: uji mwepesi, viazi vya kuchemsha, tosti kavu, kidogokidogo, vilivyopoa. Dagaa wakaangwe kwa jirani. Mafunzo hayo ya ubongo ni magumu kuyafuta yakishaingia. Dawa za kutuliza wasiwasi husaidia kiasi. Ondansetroni haisaidii sana, kwa sababu amri safari hii imetoka kwenye kumbukumbu. Njia ya uhakika ni moja, kuhakikisha mgonjwa hatapiki kabisa kwenye mzunguko wa kwanza. Kwa hiyo ule utaratibu wa kuanza na dawa hafifu ili “tumwone kwanza anavyoipokea”, kisha kuongeza akishatapika, ni utaratibu uliogeuzwa kichwa chini miguu juu.

Atakayenijibu kwa haraka ataniuliza juu ya fedha, na anayo haki. Hospitali inayokosa kemo yenyewe kwa wiki mbili haiwezi kuhubiriwa juu ya dawa nne za kuzuia kutapika, ambazo ndizo miongozo ya kimataifa inazitaka kwa kemo za daraja la juu: ya serotonini, ya substansi P, deksamethasoni na olanzapini. Lakini itazame orodha hiyo moja moja. Hataza ya ondansetroni nchini Marekani iliisha mwaka 2006, na sasa inatengenezwa na viwanda vingi, vikiwemo vya India vinavyojaza famasia zetu. Deksamethasoni ni miongoni mwa dawa za bei ya chini kabisa hospitalini. Zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inayobaki kuwa ghali kwa wengi ni ya substansi P, na hapo ndipo olanzapini inapokuja na habari njema. Hiyo ni dawa ya magonjwa ya akili, isiyo na hataza tena, iliyogeuka kuwa mojawapo ya silaha bora za kichefuchefu. Mwaka 2011 Rudolph Navari na wenzake waliilinganisha na aprepitanti: katika kuzuia kutapika zilikaribiana, ila katika siku zile za baadaye waliokaa bila kichefuchefu walikuwa asilimia 69 kwa olanzapini na asilimia 38 kwa aprepitanti. Mwaka 2016, katika jarida la New England Journal of Medicine, wakaonyesha kwamba kuiongeza juu ya dawa nyingine tatu kulipandisha idadi ya wasiopata kichefuchefu siku ya kwanza kutoka asilimia 45 hadi 74. Kisha mwaka 2024 watafiti wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, walionyesha kwamba robo ya kipimo cha kawaida, miligramu 2.5 badala ya 10, haikuzidiwa na kipimo kizima, na iliwapunguzia wagonjwa usingizi wa mchana. Kidonge kidogo cha bei ndogo, kilichopimwa katika hospitali ya umma ya nchi inayofanana nasi kwa msongamano. Hesabu inayofaa iweke upande wa pili gharama za chupa za dripu za kumrudishia mtu maji, kitanda cha siku mbili, nauli ya msindikizaji na mizunguko ya kemo ghali iliyoachwa nusu. Atakayezipanga safu hizo mbili karatasini hatahitaji ushawishi wangu.

Lipo jina la olanzapini, hata hivyo. Mgonjwa akisoma kikaratasi cha ndani ya boksi na kukuta maradhi ya akili, au akiambiwa hivyo na muuza duka la dawa, hawezi kuimeza kwa amani, na mumewe atataka kujua ameficha nini. Dakika mbili za maelezo kabla zinaokoa mambo mengi. Na dawa hizi hazikosi madhara. Olanzapini inalevya usingizi, hasa siku mbili za mwanzo, kwa hiyo inamezwa usiku na mzee anayeamka kwenda chooni asimamiwe. Ondansetroni inafunga choo na kuumiza kichwa. Deksamethasoni inapandisha sukari, jambo ambalo mwenye kisukari anapaswa kulisema kabla, na inakosesha usingizi ikimezwa jioni. Metoklopramidi, mkongwe ambaye Richard Gralla alimpa heshima mwaka 1981 kwa kuonyesha kwamba kwa vipimo vikubwa inaikabili sisplatini, ndiyo bado inayoandikwa kwa mazoea sehemu nyingi. Lakini inaweza kumpindisha shingo na kumgeuza macho mtoto au kijana, tukio ambalo familia huliita degedege au mapepo ingawa ni dawa tu, nalo huisha kwa sindano ya kulikabili. Mamlaka ya dawa ya Ulaya iliipunguza mwaka 2013 hadi siku 5 na miligramu 30 kwa siku. Madhara haya yanadai mgonjwa afuatiliwe. Hayatoshi kuwa sababu ya kumwacha atapike.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la wauguzi wenye uzoefu: kwamba ukimzoesha mtu kumeza dawa ya kutapika, utaufunika ugonjwa mwingine. Ni kweli kabisa, kwa kuwa si kila mwenye saratani anayetapika anatapishwa na kemo. Saratani ya umio imekithiri katika ukanda unaoshuka Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara, na mgonjwa wake mara nyingi huja akisema anatapika. Mwulize vizuri: chakula kinarudi dakika ileile, kikiwa hakijachachuka, hakina ladha ya nyongo, na hakukuwa na kichefuchefu. Hiyo ni kucheua, chakula hakikufika tumboni kamwe, na ondansetroni haiwezi kupanua njia iliyozibwa na uvimbe. Anachohitaji ni mrija wa kuitanua, kazi ambayo Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, imejulikana nayo kwa miaka mingi. Mwingine anatapika kwa sababu figo zimezibwa na taka za mwili zimejaa kwenye damu. Mwingine kalisiamu imepanda kutokana na saratani iliyoingia mifupani, naye ana kiu, anakojoa sana na ameanza kuchanganyikiwa. Mwingine anaamka asubuhi na kichwa kinachouma na kutapika bila kichefuchefu, dalili ya kuuliza kuhusu ubongo. Yupo aliyepata malaria, kama mtu mwingine yeyote. Na yupo, tena wengi, ambaye choo hakijapita siku sita. Morfini ya maji, ile ambayo Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993 ilisaidia kuifikisha majumbani, huleta kichefuchefu siku chache za mwanzo kisha mwili unaizoea. Kufunga choo hauzoei kamwe, na kila anayeandikiwa morfini anatakiwa aandikiwe dawa ya choo siku hiyohiyo. Anayetapika, tumbo limejaa, na hapitishi choo wala hewa, huyo apelekwe hospitali usiku uleule. Ila tazama pingamizi hili linatupeleka wapi. Mahali ambapo kutapika kunachukuliwa kuwa jambo la kawaida la kemo, hakuna anayeuliza maswali haya. Mwenye kalisiamu ya juu anaambiwa “ni dawa hizo, vumilia”. Kemo ikishawekewa kinga ya kutosha, kila kutapika kunakobaki kunakuwa kengele inayosikika.

Juu ya tangawizi, ambayo kila mgonjwa ameshaambiwa: utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, wenye wagonjwa zaidi ya 500, ulikuta kwamba vidonge vyake vilipunguza kichefuchefu vilipoongezwa kwenye dawa za kawaida, lakini utafiti wa Italia wa mwaka 2017 kwa watu waliopewa sisplatini haukuona faida. Chai ya tangawizi basi inywewe na anayeipenda, baada ya vidonge vyake. Kuhusu bangi, vidonge vilivyotengenezwa kutokana na kiini chake viliidhinishwa Marekani mwaka 1985, kabla ya ondansetroni kuingia sokoni, na leo vimerudi nyuma kabisa ya foleni kwa sababu vilivyokuja baadaye vinazidi kwa nguvu na havilevyi kiasi hicho.

Isidhaniwe kwamba kila kitu kimeshatatuliwa. Kutapika kumeshindwa kwa kiasi kikubwa. Kichefuchefu bado ni mkaidi. Hata katika ule utafiti wa olanzapini wa 2016, ukihesabu siku zote tano, waliokaa bila kichefuchefu chochote walikuwa asilimia 37 tu. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume, vijana zaidi kuliko wazee, na mwanamke aliyeteswa na kichefuchefu cha mimba au mtu anayetapika kwenye basi ana hatari kubwa kuliko jirani yake wa kitanda cha pili. Maswali hayo mawili, la mimba na la basi, hayagharimu kitu, na yanaweza kuamua nani aanze na dawa nne tangu siku ya kwanza pale ambapo haziwatoshi wote. Mimi ningempa kipaumbele binti wa miaka 28 mwenye saratani ya titi, anayeanza doksorubisini na siklofosfamidi kwa pamoja, mchanganyiko unaohesabiwa katika daraja la juu, kabla ya mzee wa miaka 70 anayepata dawa nyepesi, na nadhani mzee mwenyewe angekubali.

Lakini hakuna kitakachobadilika bila kuhesabu. Kliniki hupima uzito, presha na damu kila mara mgonjwa anaporudi. Kutapika hakupimwi, na mgonjwa aliyelelewa kuamini kwamba kulalamika ni kumkosea daktari adabu hawezi kuanzisha mazungumzo hayo mwenyewe. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa huduma saidizi za saratani, MASCC, kina fomu fupi ya maswali 8, ambayo humtaka mgonjwa aseme kama alitapika, mara ngapi, kama alipata kichefuchefu na kwa ukali gani kati ya 0 na 10. Kwanza kwa saa 24 za mwanzo, kisha kwa siku nne zilizofuata. Hata maswali mawili kati ya hayo yangetosha kuanzia, yakiulizwa na nesi anayepima uzito, kwa kuwa akifika mbele ya daktari mgonjwa huitikia tu kwamba hajambo. Jibu liandikwe kwenye faili kwa tarakimu, pembeni ya majibu ya damu, mahali ambapo anayeandika dawa za mzunguko wa pili hawezi kulipita bila kuliona.